Kofia Tisa Kwenye Kompyuta Yangu

Jiko langu la Gando lina kuta tatu. Ukuta wa nne nilikusudia kuujenga baada ya vuli, halafu baada ya masika, halafu baada ya Ramadhani, ila sikutaja Ramadhani ya mwaka gani. Ukisimama jikoni kwangu unauona muhogo wa jirani wote, mche kwa mche. Kuna watu wanasafiri mbali kwenda kutazama mandhari. Mke wangu alikuwa akiyatazama kila siku huku akikoroga mchuzi, mwiko mkono wa kulia, mwavuli mkono wa kushoto.

Na si jiko tu, mie ndivyo nilivyo. Shule niliishia fomu tuu. Chuoni nilifika juzuu ya kumi na moja, mwalimu wetu akafariki, Mungu amrehemu, na mie nikachukulia kwamba msahafu nao umeishia hapo. Uani nina ngalawa niliyoanza kuichonga na rafiki yangu. Maji haijayaona ila ya mvua, na kuku wanatagia humo. Hata nikinyoa ndevu watu huniuliza huu ni mtindo gani. Kitu kimoja tu nimewahi kukimaliza, nacho ni harusi, kwa sababu ilisimamiwa na mama yangu.

Mke niliyempata ni kinyume changu. Anashona kofia, zile za mkono, tundu kwa tundu, uzi juu ya uzi. Kofia moja inamchukua miezi miwili, mitatu. Akishamaliza haitazami kwa nje. Anaigeuza ndani nje, anaisogeza dirishani, anapitisha kidole juu ya mafundo.

"Kwa nje hata yangu ya kwanza ilipendeza," alikuwa akinambia. "Ndani ilikuwa kama kiota cha kuku."

Akishaikagua anaiacha hivyo hivyo, imegeuzwa, mpaka siku ya kuifua na kuitia wanga. Basi kabatini mwetu kofia nyingine zinatazama ndani, nyingine nje, na mie sikuwa nikijua ipi ni ipi, maana mkono wake ni safi pande zote mbili. Mara mbili nimekwenda kuswali na kofia nimeivaa ndani nje. Msikiti mzima umeniona, watu wamenipa mkono, wameniulizia hali ya mama, na hakuna aliyenambia. Nilipofika nyumbani ndipo mke wangu akanivua kofia, akaigeuza, akanivisha tena.

Kwetu ndivyo. Kumtia mtu aibu usoni ni jambo zito. Ukioneshwa kitu cha mtu unasema mashaallah, pazuri, Mungu azidishe. Kasoro zake utazizungumza akishaondoka, na hapo utazizungumza vizuri sana.

Mke wangu alikwenda kwao Wambaa siku moja ya masika. Hakwenda kwa ugomvi. Maji yalikuwa yameingia kwenye sufuria ya wali, akausogeza mwavuli, akautazama wali ule, halafu akacheka. Kicheko chake ndicho kilichonitia hofu.

"Sikuachi," alisema. "Nakwenda kuupumzisha mgongo wangu mahali penye kuta nne. Wewe maliza kitu kimoja. Sichagui, chochote. Ukimaliza, njoo unichukue."

"Kimoja tu?"

"Kimoja. Nikikuambia viwili nitazeekea kwetu."

Alichukua sindano zake na nyuzi zake. Kofia tisa aliziacha kabatini. Nilizihesabu alipoondoka nikafurahi, nikasema huyu anarudi. Mtu haachi kazi ya miaka mahali asiporudi.

Sasa mtu mwenye akili angejenga ukuta. Matofali yalikuwepo, yameota majani. Lakini ukuta una jasho, na siku hizo ndipo shirika moja lilipokuja Wete kufundisha watu kutengeneza tovuti, bure, wiki nane. Nikawaza: tovuti haina tofali hata moja. Nitaijaza kofia zake, zitazamwe na dunia nzima, na yeye ataona kwamba nimemaliza kitu na kitu chenyewe ni chake. Nikajiona mjanja kweli.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke kutoka Unguja, mtu wa kusema neno kavu kavu kama anakata kuni. Alikuja akasimama nyuma yangu akatazama kazi yangu ya wiki ya tatu.

"Rangi hizi zinaumiza macho," akasema.

Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akanishika bega kama nimefiwa. Mie nikacheka, lakini nilipofika nyumbani sikula. Nikasema huyu ni mtu wa Unguja, hakufunzwa adabu. Rangi sikuzibadilisha.

Kufundisha alifundisha, lakini. Alitwambia tuandike wenyewe kwa mkono, mstari kwa mstari, tusiibe kazi iliyokwisha fanywa na watu. Kompyuta yangu niliinunua mkononi mwa mtu, betri yake imekufa zamani, ukiichomoa tu kwenye umeme inazima. Nikashona tovuti kama mwenzangu anavyoshona kofia. Nikisahau alama moja, ukurasa wote unakuwa mweupe, na mie nakaa naitafuta alama hiyo kama mtu anayetafuta sindano kwenye jamvi. Siku ya kwanza picha ya kofia ilipotokea kwenye kioo niliita jirani zangu. Ilitokea kichwa chini, lakini ilitokea.

Wiki ya saba mwalimu akasema: "Wiki ijayo asikose mtu. Hilo ndilo somo la mwisho."

Wiki hiyo karafuu ziliiva. Msimu wa karafuu kwetu kila mtu yuko juu ya mti, hata darasani hubaki mwalimu na ubao. Nikajiuliza, somo la mwisho la semina ni nini? Nimewahi kwenda semina mie. Siku ya mwisho ni soda na picha ya pamoja. Nikaenda kuchuma.

Niliporudi kwenye kompyuta nikaimaliza. Wallahi, nilidhani nimeimaliza. Juu kabisa maandishi ya manjano kwenye kijani, yanakimbia kutoka upande huu mpaka huu, yanasema karibuni. Chini yake kofia tisa, nilizitoa kabatini moja moja nikazipiga picha juu ya mkeka kama nilivyozikuta. Chini ya kila picha nikaandika ilishonwa lini. Hii aliishona mwezi ule niliapa kujenga ukuta. Hii aliishona mama alipolazwa. Hii aliishona tulipohamia hapa. Niliandika kwa mzaha, lakini nilipofika ya tisa nikaona nimeandika ndoa yetu yote bila ya kukusudia. Nikaondoka mezani nikaenda kuwatazama kuku kwenye ngalawa.

Kabla ya kumtumia mke wangu nikataka watu waitazame waniambie ukweli. Nilitaka ukweli kweli, msicheke. Nikabeba kompyuta na waya mrefu wa umeme, nikawa naingia nyumba za watu nauliza tundu la umeme kabla sijatoa salamu.

Nilianza kwa mama yangu.

"Bi Mkubwa, tazama."

Akatazama. "Mashaallah. Na huyu anayekimbia hapo juu ni nani?"

"Si mtu, mama. Ni maandishi. Yanawakaribisha wageni."

"Mbona wanakaribishwa mbio mbio?"

"Ndiyo nataka unambie. Pabaya?"

"Nani kasema pabaya? Pazuri, baba. Pazuri sana." Akanivuta sikio kidogo. "Mkeo atafurahi."

Halafu nikaenda kwa imamu wetu. Huyu ni mtu wa kofia. Ana kofia za kila namna, na mbili kati yake kashonewa na mke wangu. Nikachomeka waya, nikamwonesha moja moja. Ya kwanza mashaallah. Ya pili mashaallah. Ya tatu akasogeza uso karibu na kioo, akakaa hapo muda, akaigusa kofia yake mwenyewe kichwani. Akafungua mdomo. Akaufunga.

"Shehe, kuna kasoro?"

"Kasoro?" akasema. "Mie macho yangu ya kizee, mwanangu. Mashaallah. Allah akubarikie mikono."

Akaagiza chai. Nilikunywa vikombe viwili, na njia nzima nilitembea kama nimeshinda uchaguzi.

Ndipo nikaituma. Pale juu ya ukurasa pana mstari mrefu wa maandishi, na tulifundishwa kwamba hiyo ndiyo anwani. Nikaunakili mstari ule wote, nikauweka kwenye gurupu la simu la ukoo wetu, nikamtumia baba mkwe, nikamtumia mke wangu, na chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: NIMEMALIZA.

Majibu yakaja kama mvua. Mashaallah. Pazuri. Hongera mwanetu. Kazi safi. Binamu yangu aliyeko Uarabuni akaandika kwamba amewaonesha wenzake wote kazini. Shangazi yangu wa Fundo akatuma sauti, anasema ameifungua, ameitazama yote, imempendeza mpaka kalia. Nikaisikiliza sauti ile mara nne. Alilia kidogo hata humo ndani ya sauti.

Baba mkwe naye akatuma yake. Yeye ni mwalimu wa skuli ya msingi, mstaafu, mtu wa maneno machache. "Asalamu alaykum, baba. Nimepata ujumbe wako. Mashaallah. Allah akuzidishie."

Mke wangu hakujibu. Nikasema anaona haya, kazi zake zimetoka mbele ya watu. Ngoja niende nikamchukue.

Nilinyoa ndevu zote, pande zote mbili. Nikanunua halua. Kompyuta niliiacha nyumbani juu ya meza, maana nimbebee nani mzigo ule mpaka Wambaa wakati wameshaiona?

Nilipokelewa vizuri mno. Nikatandikiwa mkeka mpya wa kukalia, nikaletewa wali na pweza wa nazi, nikaulizwa habari za mama, za Gando, za karafuu, za kuku. Baba mkwe alinijazia sahani mara tatu. Hakuna aliyetaja tovuti. Nikaona hiyo nayo ni adabu, hawataki kunisifia mpaka nikavimba kichwa mbele ya chakula.

Mke wangu akatoka na chai. Amenenepa kidogo. Kuta nne zilimfaa.

"Umevaa vizuri," alisema.

"Nimekuja kukuchukua. Si nimemaliza?"

"Umemaliza nini?"

"Tovuti. Si mmeiona?"

Baba mkwe akakohoa. Alikohoa kwa muda mrefu kuliko kinavyohitaji kikohozi.

"Baba," mke wangu akamgeukia, "uliiona?"

"Nilipata ujumbe," akasema mzee. "Nikamwombea dua."

"Yeye hakuuliza kama ulipata ujumbe."

Mzee akatazama chai yake. Mie bado nilikuwa natabasamu. Tabasamu langu huwa linachelewa kuondoka, kama mgeni asiyejua kwamba watu wanataka kulala.

Mke wangu akatoa simu yake, akautafuta ule ujumbe wangu, akanipa. "Bonyeza."

Nikabonyeza. Ukatoka ukurasa mweupe, mstari mmoja tu, unasema kitu hicho hakikupatikana.

"Labda mtandao," nikasema.

"Siku ya kwanza na mie nilisema mtandao," akasema. Alizungumza taratibu, kama anahesabu matundu ya kofia. "Nikaongeza bando. Siku ya pili nikasema labda simu, nikaomba ya mdogo wangu. Siku ya tatu nikapanda mpaka skuli, pale mtandao unashika, nikakaa kwenye ngazi nikabonyeza mpaka watoto wakatoka madarasani. Mwalimu wao wa kompyuta akanihurumia, akauliza, bibie, unatafuta nini? Nikampa simu. Aliitazama mara moja tu."

"Kasema nini?"

"Kasema anwani hii ni ya ndani ya kompyuta ya mtu. Tazama mwenyewe. Hapa pana jina lako. Na hapa pameandikwa kofia mwisho kabisa mbili."

Ni kweli. Faili nilikuwa nimeliita hivyo, baada ya kofia mwisho na kofia mwisho kabisa.

"Ipo wapi hiyo tovuti?" akauliza.

"Kwenye kompyuta."

"Na kompyuta ipo wapi?"

"Gando."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimewaambia watu wote ninaowajua: kitu changu kipo kwenye mtoto wa meza chumbani kwangu, kifungueni mkitazame, halafu nikafunga mlango nikaondoka na ufunguo. Na wote wakajibu tumekiona, kizuri. Gurupu zima. Binamu kawaonesha wenzake kazini ukurasa mweupe. Shangazi wa Fundo kalia, na mpaka leo sijui kalilia nini.

"Mbona hukunambia?" nikamwuliza mke wangu. "Wewe ndiye unayeniambia siku zote."

"Baba kasema tusikuvunje moyo. Na mie nilikuwa nangoja uje unieleze kwa mdomo wako. Nikasema labda kuna kitu sikielewi."

"Kesho narudi nayo, kompyuta yenyewe. Kesho asubuhi. Utaiona yote, kofia zote tisa, nimeandika na maneno."

"Kesho," akasema.

Akakaa chini, mbali kidogo na mie, akawa anaikunja ncha ya kanga yake.

"Sikukuomba tovuti. Nilisema chochote. Moyoni nilitaraji ukuta, lakini ulipotuma ule ujumbe nikasema haya, si ukuta, ni kofia zangu. Nilifurahi, unajua? Siku tatu nimefurahi. Nimewaambia na jirani. Nimefurahia kitu ambacho hakipo." Akasimama. "Mie kwako nimefurahia vitu vingi ambavyo havipo. Nimechoka."

Akaingia ndani. Nilitafuta mzaha. Huwa nina mzaha wa kila pahala, hata mazikoni watu hunisogeza pembeni. Siku ile nilipapasa sikuupata hata mmoja.

Mzee aliimaliza chai yake mpaka tone la mwisho.

"Mie nilidhani utamaliza jiko, baba," alisema.

"Nami sasa naona hivyo, mzee."

"Mwenzako kaniomba nikuombe karatasi yake ya talaka. Kaniomba tangu juzi. Nilimwambia tungoje uje, labda umekuja na kitu." Akanitazama mikono. Mikononi nilikuwa na kipande cha halua.

Ningeweza kukataa. Kuna wanaume wanakataa, wanamweka mwanamke miaka akining'inia. Lakini nilimfikiria kwenye zile ngazi za skuli, anabonyeza, nikaomba kalamu.

Baba mkwe akaita jirani zake wawili wawe mashahidi. Akaleta daftari la mistari, akachana karatasi katikati kwa uangalifu, akanipa na kalamu. Nikaandika. Mistari minne. Nikampa.

Akavaa miwani. Akasoma, kidole kinafuata maneno. Akarudi juu akasoma tena.

"Jina la babu yake hukuliweka," akasema. "Na jina lako hapa umelikata, liandike lote kama lilivyo kwenye cheti. Tarehe iko wapi? Weka zote mbili, ya Kiislamu na hii nyingine. Na hapa, talaka moja, hiyo moja uiandike kwa maneno, halafu na tarakimu kando, isije ikaongezwa na mtu. Hati yako mbaya, lakini inasomeka. Andika upya."

Nikaandika upya. Akaisoma.

"Saini hukutia. Andika upya, hii umeikata kata."

Nikaandika mara ya tatu. Mashahidi wakangoja, mmoja akisogeza tasbihi. Nilipomaliza mzee akaisogeza dirishani, akaigeuza nyuma akaitazama, akaigeuza mbele. Nikajua mwanawe kajifunzia wapi.

"Sasa imekamilika," akasema.

Nikamwuliza. Ilinitoka tu. "Mzee, mbona ile tovuti hukunisahihishia?"

Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu. "Ile ilikuwa yako, baba. Hii ni ya mwanangu."

Aliponisindikiza akanambia kwamba talaka moja ina mlango, mume anaweza kumrejea mkewe kabla edda haijaisha. Edda ni miezi mitatu. Ukuta wa jiko, kwa mtu mwenye mikono miwili, ni siku nne. Hakunambia zaidi ya hapo, na mie nilimwelewa vizuri sana.

Nilianza siku ya pili yake. Nang'oa majani kwenye matofali, nachanganya udongo, napanga. Ukuta ulifika kifuani. Hapo mvua ikaja siku mbili, nikasema ngoja ukauke. Halafu mama akaugua kidogo. Halafu mama akapona. Nina sababu nyingine, lakini nikiziandika hapa nazisikia sauti zake na naona haya. Ukweli ni kwamba kila asubuhi niliutazama ukuta ule na moyo ukanambia hata ukiumaliza hatarudi, na jioni nikawa nimeshinda kwenye ngalawa na kuku. Miezi mitatu si mirefu. Siku moja alikuja shemeji yangu kutoka Wambaa, kijana wa watu, mpole. Akasalimia, akakaa, akasifia ukuta. Halafu akaomba zile kofia tisa. Nilimfungia kwenye kitambaa mwenyewe. Alipoondoka nikajua edda imekwisha, kwa sababu ingekuwa haijakwisha wangeziacha.

Wiki iliyofuata nilibeba kompyuta na waya wangu nikaenda Wete kumtafuta yule mwalimu wa Unguja. Nilimkuta palepale ukumbini, anafundisha watu wengine. Nikamweleza. Hakucheka.

"Hilo ndilo lilikuwa somo la mwisho," akasema. "Kuitoa kwenye kompyuta yako na kuipandisha mtandaoni."

"Hakukuwa na soda?"

"Hakukuwa na soda."

Somo lenyewe lilichukua dakika ishirini. Nimekaa nikazihesabu. Akanipa anwani mpya, fupi, akaifungua kwenye simu yake mbele yangu, na kofia zote tisa zikatoka, na karibuni ikapita mbio juu yake. Rangi zinaumiza macho. Sikuwahi kuliona hilo mpaka nilipoziona kwenye simu ya mtu mwingine.

Nikaituma kwenye gurupu. Sikuandika nimemaliza, nilituma anwani tu. Mashaallah. Pazuri. Hongera mwanetu. Kazi safi. Watu wale wale, maneno yale yale, nadhani na mpangilio ule ule. Shangazi wa Fundo kalia tena. Safari hii sijui kama kaifungua au hakuifungua, na hakuna njia ya kujua, na sitamwuliza.

Chini kabisa ya ukurasa mwalimu alinisaidia kuweka pahala pa watu kuandika maoni. Paliandikwa kitu kimoja tu. Hakina jina, hakina salamu, hakina mashaallah.

"Picha ya tatu umeipiga ndani nje. Ni ile ya tulipohamia. Hayo ni mafundo."

Nikaisogeza kompyuta dirishani, waya ukanyooka mpaka mwisho. Nikatazama kwa muda mrefu, na kweli, ukijua pa kutazama unayaona, mafundo madogo madogo, safu kwa safu. Imamu aliyaona. Mama yangu, aliyemfundisha mke wangu kufua kofia hizo, lazima aliyaona. Nilipita nayo nyumba ngapi mie.

Kuisahihisha ni kazi ya dakika tano. Unaigeuza kofia, unapiga picha nyingine, unaiweka pale pa mwanzo. Kofia ipo Wambaa.

Kwa hivyo tovuti ipo mtandaoni, inafunguka, yeyote anaweza kuiona, na kofia ya tatu bado imetazama ndani.